Miji ya Kirumi ya Afrika Kaskazini: ni nani walioijenga, na walikwenda wapi?

Msomaji wetu wa Tanga ameandika hivi: "Nimeona picha za magofu ya Timgad kule Aljeria, zilizopigwa kutoka angani. Barabara zimenyooka kama zimepigwa rula. Naomba kujua, miji hii ya Kirumi iliyoko Afrika ilijengwa na Warumi waliohamia kutoka Italia, au ni kazi ya wenyeji? Wanaakiolojia hulijuaje hilo? Na Roma ilipoanguka, wakazi wake walikwenda wapi?"

Ndugu yangu, ahsante kwa swali zuri. Sehemu kubwa ya miji hiyo ilikuwa miji tayari kabla Roma haijaitawala, na mengi ya majengo tunayoyaita ya Kirumi yalisimamishwa na wenyeji wenye mali, kwa fedha zao wenyewe. Walowezi walikuwepo, sikatai, na mahali pengine walikuwa na nguvu kubwa. Lakini picha uliyoiona imewapotosha wengi kabla yako, kwa sababu Timgad una historia yake ya pekee. Tuanze nao.

Timgad ulianzishwa mwaka 100 BK kwa amri ya Kaisari Trajan. Kazi ya kupima na kujenga walipewa askari wa Lejioni ya 3 Augusta, kikosi kikubwa cha jeshi la Roma, na waliogawiwa viwanja walikuwa askari wastaafu. Mji ulipangwa kama mraba wenye upande wa mita 350 hivi, na ndani yake vitalu vidogo vya mita 20 kwa 20. Kwa hiyo ulichokiona ni kweli: pale palipimwa na watu wa jeshi, juu ya ardhi waliyoweza kuipanga watakavyo.

Sasa irudie picha hiyo, ila safari hii usitazame katikati. Tazama kingo. Ukitoka nje ya ule mraba, hasa upande wa magharibi, barabara zinaanza kupinda na nyumba zimekaa zilivyopata nafasi. Kapitolio lenyewe, hekalu kuu la mji, liko nje ya mraba na limekaa mshazari, halifuati mistari ya wapimaji. Ndani ya vizazi vichache mji ulifurika ukaizidi mipaka yake mara kadhaa, na waliojenga huko nje hawakusubiri rula ya mtu. Lejioni nayo ilibadilika. Kadiri karne ya 2 ilivyosonga, wengi wa walioandikishwa humo walikuwa vijana waliozaliwa Afrika, baadhi yao watoto wa askari na mama wa hapohapo. Kwa hiyo hata Timgad, mji wa kijeshi kuliko yote, baada ya miaka 100 ulikuwa mji wa Waafrika wanaosema Kilatini. Mpango wa barabara unakupa habari za siku ya kwanza tu.

Miji mingine haikuanzia kwenye kiwanja kitupu. Twende Leptis Magna, pwani ya Libya. Mji huu ulianza kama kituo cha biashara cha Wafoinike, mabaharia wa Lebanoni ya leo, ukawa chini ya Karthago, dola iliyokuwa na makao yake Tunisia ya leo, ukatajirika kwa zeituni. Baada ya vita vya mwaka 46 KK, Julius Caesar aliutoza faini ya ratili milioni 3 za mafuta ya zeituni kila mwaka. Mji wa kutozwa kiasi hicho si kijiji. Mwaka 8 KK ukapata soko jipya la mawe, na mwaka wa 1 au wa 2 BK ukapata jumba la maonyesho, lenye viti vya mawe vilivyopangwa nusu duara kama ilivyokuwa desturi ya Roma. Majengo yote mawili yalitolewa na mtu mmoja, naye jina lake limechongwa: Annobal Tapapius Rufus, mwana wa Himilcho. Annobal na Himilcho ni majina ya Kipuniki, lugha ya Karthago. Cheo chake ni sufeti, yaani hakimu mkuu wa mji kwa utaratibu wa Karthago, na maandishi yanamsifu kuwa ni mpamba nchi yake na mpenda mapatano. Kwenye jumba la maonyesho maneno hayo yapo kwa Kilatini, na chini ya Kilatini yapo kwa Kipuniki, ili kila mwananchi asome kwa lugha yake. Na wachimbaji waliposhuka chini ya jumba hilo walikuta makaburi ya enzi za Kipuniki. Mababu wa mji walikuwa wamelala pale muda mrefu kabla ya jiwe la kwanza la Kirumi.

Pale sokoni kulikuwa na kitu ninachokipenda kuliko sanamu zote za Leptis. Ni jiwe la vipimo. Limechongwa mistari ya urefu tofauti: futi ya Kirumi, dhiraa ya Kipuniki, na dhiraa iliyotumika Misri. Mfanyabiashara wa nguo angeweza kulisogelea jiwe lile na kuhakikisha hakupunjwa, apimie kwa mkono wa Aleksandria au wa Roma. Kama Roma ingekuwa imefuta kila kilichokuwepo na kuleta watu wake, mstari mmoja ungetosha.

Leptis ulikuja kupewa cheo cha koloni enzi za Trajan, na hapa watu hudhani kwamba ililetwa meli ya walowezi. Haikuletwa. Kilikuwa cheo cha heshima kwa mji uliokwishakuwepo, na watu wake wakawa raia wa Roma palepale walipokuwa. Karibu miaka 80 baadaye mtoto wa mji huo, Septimius Severus, akawa Kaisari, akatawala kuanzia 193 hadi 211. Alirudisha fadhila: bandari mpya, uwanja mpya wa mji, basilika kubwa, yaani jumba la mikutano na mahakama.

Dougga, bara ya Tunisia, mbali na pwani, ndio mji ambao ningekushauri uuweke kando ya Timgad na kuzilinganisha picha zao. Barabara zake zinajikunja kilimani kama vichochoro vya mji wowote wa kale uliokua wenyewe. Wafalme wa Numidia, ufalme wa wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na mkono hapo kabla ya Roma. Lipo jiwe linaloeleza kwamba wakazi walimjengea hekalu Mfalme Massinissa katika mwaka wa 10 wa utawala wa mwanawe Micipsa, yaani mnamo 139 KK, na jiwe hilo limeandikwa kwa Kipuniki na kwa Kilibia cha kale, lugha ya ukoo mmoja na Kiamazigh cha leo. Lipo pia kaburi la mnara, refu, la enzi hizohizo. Mwaka 1842 balozi mdogo wa Uingereza mjini Tunis, Thomas Reade, aliamuru livunjwe ili ang'oe maandishi yake, nayo yako London mpaka sasa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Maandishi hayo, kwa kuwa ni ya lugha mbili, yaliwasaidia wataalamu kuzisoma herufi za Kilibia. Mnara ulikuja kusimamishwa upya na Louis Poinssot kati ya 1908 na 1910. Najua lengo la Reade lilikuwa maandishi, lakini kuangusha kaburi zima ili kuchukua mawe mawili bado ni unyang'anyi, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Dougga pia ndiko unakowaona walowezi waziwazi. Kwa zaidi ya miaka 200 palikuwa na jumuiya mbili mahali pamoja: raia wa Kirumi waliohesabiwa kuwa watu wa Karthago, ambao wakati huo ulikuwa mji wa Kirumi, na wenyeji wenye baraza na masufeti wao. Hekalu la Kapitolio la mwaka 166 au 167, ambalo watalii hulipiga picha wote, lilijengwa wakati jumuiya hizo bado ni mbili. Mwaka 205, chini ya Severus, zikaunganishwa kuwa mji mmoja. Kwa hiyo mtu akikwambia Warumi hawakuja kabisa, mkatalie pia.

Sasa nikupeleke Volubilis, Moroko, kwa sababu kuna jiwe moja pale linalojibu swali lako karibu lote. Mwaka 40 BK Kaisari Caligula alimuua Ptolemy, mfalme wa mwisho wa Mauretania, yaani nchi ya Moroko na sehemu ya Aljeria za leo. Mtumishi wa mfalme, Aedemon, akaongoza maasi. Mji wa Volubilis ulichagua kuwa upande wa Roma, na aliyeongoza vikosi vyake vya msaada ni Marcus Valerius Severus. Ukiishia kwenye jina hilo utaapa ni Mrumi. Jiwe linaendelea: ni mwana wa Bostar. Bostar ni jina la Kipuniki. Kisha linataja vyeo vyake kwa mfuatano, na humo yumo sufeti, halafu yumo mmoja wa mahakimu wawili wa kila mwaka kwa mtindo wa Kirumi. Maana yake mtu huyu alikuwa kiongozi wa mji chini ya utaratibu wa zamani, utaratibu ukabadilika, akawa kiongozi tena chini ya ule mpya. Mji ni uleule, na ukubwa ulibaki mikononi mwa walewale.

Baada ya vita alitumwa kwa Kaisari Claudius kuombea watu wake, na jiwe linaorodhesha alichorudi nacho: uraia wa Roma, ruhusa ya kuoa wanawake wasio raia na ndoa hizo zikatambulika, msamaha wa kodi kwa miaka 10, na mali za wananchi waliouawa vitani bila kuacha warithi. Utaona kwamba huyu ni mjumbe aliyejua watu wa nyumbani wanataka nini. Mstari wa mwisho ni wa mkewe. Baraza lilikuwa limeamua kumwekea mumewe heshima hiyo kwa fedha za mji. Mke akaipokea heshima, akakataa fedha, akalipa mwenyewe. Anaitwa Fabia Bira, binti Izelta. Izelta si Kilatini wala si Kipuniki. Ni jina la wenyeji wa Mauretania. Familia moja, jiwe moja, majina ya lugha tatu.

Hapa lazima niweke tahadhari. Jina si damu. Mtu anaweza kuitwa Rufus na babu yake akawa mchungaji wa mlimani, na mtoto wa mhamiaji anaweza kupewa jina la kienyeji. Ndiyo maana hatusimami kwenye majina peke yake. Tunachimba. Sarafu ikikutwa ndani ya mtaro wa msingi wa ukuta, ukuta huo hauwezi kuwa umejengwa kabla sarafu haijatengenezwa. Vigae vya vyombo ni vingi zaidi ya sarafu, na kwa Afrika Kaskazini tuna bahati kubwa: vyombo vyekundu vinavyong'aa vilivyotengenezwa hasa Tunisia viliuzwa Bahari ya Kati nzima kwa karne kadhaa, na umbo la ukingo wa sahani lilibadilika muda baada ya muda, kiasi kwamba kipande cha ukubwa wa kiganja huweza kukupa tarehe ndani ya miaka 50 hivi. Kuta zenyewe nazo zinasema. Katika Dougga, Timgad na kwingineko utakuta mawe makubwa yamesimamishwa wima kwa vipindi kama nguzo, na katikati yake pamejazwa mawe madogo. Huo ni ufundi wa Afrika tangu enzi za Karthago. Mwashi aliyejenga hivyo alifundishwa na baba yake, hakufundishwa na mhandisi wa lejioni. Volubilis wamepata mashinikizo ya zeituni zaidi ya 50, mengi yakiwa ndani ya nyumba za mjini, kwa hiyo twajua hata fedha za kujengea zilitoka wapi: zilikamuliwa pale pale.

Mawe yaliyochongwa yana upungufu mmoja mkubwa, kwamba yanasema habari za waliokuwa na fedha za kumlipa mchongaji. Mtumwa aliyesukuma shinikizo hana jiwe. Kibarua wa mavuno hana. Hao tunawatafuta makaburini, kwenye mifupa iliyochakaa kwa kubeba mizigo na kwenye meno, kwa kuwa maji uliyokunywa utotoni huacha alama katika jino, na maabara inaweza kukadiria kama ulikulia hapo au kwingine. Kazi hiyo imetuonyesha pia kwamba watu walisafiri pande zote mbili. Huko York, Uingereza, mji wa jimbo la mbali kabisa la Roma, mwaka 1901 lilifukuliwa kaburi la mwanamke wa karne ya 4 aliyezikwa na bangili za pembe za ndovu na za jeti, aina ya jiwe jeusi la mapambo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walipoyapima mabaki yake upya, matokeo waliyoyatoa 2010 yalionyesha kwamba huenda alikuwa na asili ya Afrika Kaskazini iliyochanganyika. Si ajabu. Severus wa Leptis mwenyewe alifia York, mwaka 211.

Utaniuliza basi, kama ushahidi uko wazi hivi, kwa nini watu wengi bado wanaamini kwamba miji hii ni ya wageni? Jibu liko kwa waliochimba. Wafaransa walianza kuifukua Timgad mwaka 1881, nusu karne baada ya kuivamia Aljeria, na walijiona kuwa warithi wa Roma waliorudi kwenye mali yao. Walichotaka kukiona ni mji wa Trajan. Basi waliuondoa mchanga, na pamoja na mchanga wakaondoa kuta za matope, vibanda, karakana na nyumba zilizojengwa juu ya barabara katika karne za baadaye, bila kuchora wala kuandika ya kutosha. Waitalia wakafanya hayohayo Libya miaka ya 1920 na 1930, kwa haraka, serikali ya Mussolini ikitaka nguzo za kuonyeshea wageni. Volubilis ilianza kuchimbwa 1915, na sehemu ya vibarua walikuwa mateka wa vita wa Kijerumani. Ule unadhifu wa picha ya Timgad, ndugu yangu, ni kazi ya askari wa mwaka 100 na ni kazi ya koleo la mwaka 1900. Tabaka zilizotupwa hazirudi. Kila ninapofikiri ni vizazi vingapi vya watu vilizolewa vikamwagwa kama kifusi, naona uchungu wa kweli.

Wewe wa Tanga unaijua hali hii kwa karibu. Magofu ya pwani yetu nayo yalielezwa kwa muda mrefu kuwa ni miji ya walowezi wa ng'ambo. James Kirkman na Neville Chittick, waliochimba Gede na Kilwa katikati ya karne iliyopita, walielemea upande huo. Kisha Mark Horton akachimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akashuka chini ya msikiti wa mawe na kukuta misikiti midogo ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, ikirudi nyuma hadi karne ya 8, katika makazi ya watu waliofinyanga vyungu vya kienyeji. Vinasaba vilivyochunguzwa baadaye katika makaburi ya pwani vimeonyesha mchanganyiko wa kweli wa Waafrika na watu wa Uajemi na Arabuni, kwa hiyo wageni hawafutiki. Lakini mji haukuja melini.

Limebaki swali lako la mwisho. Wengi wao hawakwenda popote. Katika Leptis bandari ilijaa matope, mji ukapungua, lakini katika karne ya 6, chini ya Kaisari Justinian wa Konstantinopoli, makao ya Roma ya Mashariki, palizungushwa ukuta mdogo zaidi na basilika ya Severus ikafanywa kanisa. Timgad ulishambuliwa na watu wa milima ya Aurès, kisha majeshi ya Konstantinopoli yakajenga ngome kusini ya mji mnamo 539, na maisha yakaendelea kuizunguka.

Volubilis ndiko tunakoona vizuri zaidi, kwa kuwa huko uchimbaji wa kizazi hiki umefanywa kwa subira. Utawala wa Roma ulijitoa pale mnamo 285. Wakazi walibaki. Wakaujenga upya upande wa magharibi wa mji, wakaendelea kuzika wafu wao na kuchonga maandishi ya Kilatini, wakihesabu miaka kwa kalenda ya jimbo ambalo halikuwepo tena. Jiwe la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 655. Miaka 360 na zaidi bila gavana! Mwaka 788 alifika Idris bin Abdallah, mzao wa Mtume aliyewakimbia Waabbasi, makhalifa wa Baghdad, akapokewa na kabila la Awraba lililokuwa likiishi hapo, na mji huo, ambao sasa uliitwa Walila, ukawa makao ya dola yake ya Kiislamu. Timu ya Hassan Limane na Elizabeth Fentress imefukua hamamu ya wakati wake nje kidogo ya ukuta wa zamani.

Waliouacha mji waliuacha taratibu. Mwana wa Idris alihamishia makao Fes, na wengine wakapanda mlima ulio karibu, ulipo leo mji wa Moulay Idriss. Mwishoni mwa karne ya 17 Sultani Moulay Ismail alichukua mawe na marumaru kutoka kwenye magofu kujengea kasri zake Meknes. Ukipata nafasi ya kufika huko, baada ya kuona Volubilis usirudi hotelini: ni kilomita 30 tu mpaka Meknes.